Je, hiyo ni sheria au ni rai yako, Mheshimiwa Jaji?

 

Ndugu zangu Waislamu, wiki hii naomba tuache kidogo masuala ya saumu na ndoa, tuzungumzie kiti. Ni kiti cha mzee wa baraza katika Mahakama Kuu. Wengi wetu hatujawahi kukikalia, lakini baba yako, jirani yako au wewe mwenyewe unaweza kuitwa ukikalie, na mbele yako asimamishwe mtu ambaye uhai wake umo katika mizani.

Kilichonifanya niyaandike haya ni safari yangu ya Mzumbe. Nilikwenda kumpeleka mtoto wa dada yangu chuoni, ikasadifu kuwa siku ya Ijumaa. Baada ya swala, watu walipokwisha kutawanyika, mzee mmoja alinifuata nilipokuwa nafunga viatu. Alikuwa amevaa kanzu iliyofuliwa mara nyingi na kofia ya mkono.

“Sheikh, wanasema wewe unaandika gazetini. Nina swali, lakini silitaki mbele za watu.”

“Mzee wangu, mimi si mufti.”

“Kusikiliza je, unaweza?”

Tukakaa ukutani, upande wenye kivuli, milima ya Uluguru ikiwa mbele yetu. Akanieleza kwamba zaidi ya miaka ishirini iliyopita aliitwa kuwa mzee wa baraza katika kesi ya mauaji. Mji na mahakama sitavitaja. Walikuwa wazee watatu. Aliyeshtakiwa alikuwa kijana, na shahidi aliyesema alimuona usiku ule alikuwa mmoja tu, mama mtu mzima, aliyemuona kwa mwanga wa kibatari.

“Mimi nimekulia kwenye kibatari,” aliniambia. “Nakijua. Kikiwa ndani na wewe uko nje, unaona kivuli, huoni sura. Kikiwa nje na upepo upo, hakikai. Nilitaka kujua kibatari kilikuwa wapi. Hakuna aliyelisema hilo likaeleweka.”

Siku ya mwisho jaji aliwajumuishia ushahidi. Alipofika kwa yule mama, akasema kwamba huyu ni mtu mzima, hana sababu ya kusema uongo, na kwamba yeye mwenyewe alimtazama vizuri alipokuwa anatoa ushahidi, hakuona shaka yoyote. Kisha akafunga daftari, akawageukia: haya wazee, maoni yenu. Wa kwanza akasema mshtakiwa ana hatia. Wa pili akasema vivyo hivyo. Wa tatu ndiye huyu mzee wangu.

“Nikasema, naungana na wenzangu. Maneno matatu tu, Sheikh. Yule kijana akahukumiwa kunyongwa. Swali langu ni hili: nina dhambi?”

Nitarudi kwenye swali lake. Kwanza tuelewane kuhusu kiti hicho, maana wasomaji vijana huenda hawakijui.

Katika Uingereza na Marekani kuna juri, yaani raia wa kawaida, mara nyingi 12, ambao wao ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji huwaeleza sheria, wao huamua ukweli wa mambo. Mwingereza alipokuja kututawala hakutuletea jambo hilo kama lilivyo kwao. Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika alipewa wazee wa baraza, ambao jaji aliwasikiliza lakini hakulazimika kuwafuata. Kwa maneno mengine, Mwafrika alifaa kushauri, hakufaa kuamua! Uhuru ulipokuja, mtindo huo wa wazee ukabaki. Kenya waliufuta mwaka 2007. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliendelea kutaka kila kesi inayosikilizwa na Mahakama Kuu iwe na wazee wawili au zaidi, hadi marekebisho ya mwaka 2022 yalipouondoa ulazima huo na kumwachia jaji aamue kama anawahitaji.

Na Mzumbe si mahali pageni katika habari hizi. Chuo Kikuu tunachokiona leo kilianza mwaka 1953 kama shule ya Serikali za Mitaa, wakoloni wakiwafundisha hapo machifu, watumishi wao na madiwani. Baada ya Uhuru wakafundishwa hapo pia mahakimu wa mahakama za ngazi ya chini. Kwa hiyo mzee aliyekuwa ananiuliza swali lake alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka mahali ambapo kizazi cha mahakimu wetu wa mwanzo kilijifunza kazi ya kusikiliza.

Sasa kuna jambo moja ambalo mimi binafsi lilinishangaza nilipolijua. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliweka utaratibu kwamba katika Mahakama ya Mwanzo hakimu na wazee wake waamue kwa wingi wa kura. Wazee wawili wangeweza kumshinda hakimu. Na kanuni za mwaka 1987 zikasema kwamba hakimu ashauriane nao kabla ya hukumu, lakini asiwajumuishie ushahidi, si badala ya kushauriana wala nyongeza ya kushauriana. Alikatazwa kabisa!

Aliyeandika kanuni ile alitujua. Sisi tumelelewa na methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkubwa akishatoa neno, nani atainua kidole? Mzee mkulima, shati lake moja la heshima, amekaa chini ya mtu mwenye joho, ambaye kila aliyemo chumbani husimama anapoingia na kuinama. Ukimwambia baada ya hapo kwamba yuko huru kutoa maoni yake, ni sawa na kumfunga mtu miguu kisha ukamwambia akimbie.

Katika Mahakama Kuu utaratibu ni tofauti. Kesi za huko zina mambo mazito ya kisheria: maana ya dhamira ya kuua, kughadhibishwa, kujitetea, utambuzi wa usiku, utetezi wa mtu kwamba hakuwepo mahali pa tukio. Mzee hawezi kuyajua haya asipoelezwa. Ndiyo maana, ingawa sheria ilisema jaji “anaweza” kuwajumuishia wazee, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba ni desturi ambayo haifai kuachwa. Tangu mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishasema kuwa maoni ya wazee yana faida kubwa kwa jaji, lakini pale tu wanapoelewa mambo ya kesi na sheria inayohusika. Mwaka 1982 Mahakama yetu ya Rufani ikaeleza kwamba wazee wakielekezwa vibaya katika jambo la msingi, au wasipoelekezwa kabisa, basi kesi hiyo haihesabiki kuwa imesikilizwa kwa msaada wa wazee. Hukumu kadhaa za mauaji zilitenguliwa kwa kosa hilo. (Nyingine zilitenguliwa kwa sababu wazee waliachiwa wamhoji shahidi kwa ukali kama mawakili, wakati kazi yao ni kuuliza ili waelewe. Hilo ni somo la siku nyingine.)

Kwa hiyo jaji ni lazima aseme. Je, aseme mpaka wapi? Hapa ndipo penye mtihani. Hukumu moja ya Mahakama ya Rufani, iliyochapwa katika ripoti za sheria za mwaka 1993, iliuchora mpaka: jaji anapowajumuishia wazee asidhihirishe rai yake mwenyewe, wala asitoe maneno yanayoweza kuwavuta upande huu au ule katika jambo wanaloachiwa walitafakari.

Tofauti hiyo ni nyembamba kama uzi. Jaji akisema: “Shahidi wa pili alieleza kwamba alimuona mshtakiwa kwa mwanga wa kibatari, mnapaswa kujiuliza mwanga huo ulikuwa na nguvu gani, ulikuwa wapi, umbali ulikuwa kiasi gani, na kama alimjua mtu huyo kabla,” amefanya kazi yake. Akisema: “Shahidi wa pili, mama mtu mzima asiye na sababu ya kusema uongo, alimuona mshtakiwa,” ameshahukumu. Shahidi ni yule yule na kibatari ni kile kile.

Nani atatufundisha namna ya kuuweka ushahidi mbele za watu bila kuusukuma? Fungueni Suratu Yusuf, aya ya 26 mpaka ya 28. Mke wa mheshimiwa wa Misri amemtuhumu Nabii Yusuf (AS) mbele ya mumewe. Yusuf anakana. Hakuna aliyeona. Hapo anatokea shahidi katika jamaa za yule mwanamke. Hakusema kwamba huyu mama ni mtu mzima na mwenye heshima zake. Hakusema kwamba huyu ni mtumwa wa kununuliwa, ana uaminifu gani. Alisema: kanzu ikiwa imechanwa kwa mbele, basi mwanamke amesema kweli na Yusuf ni muongo, na kanzu ikiwa imechanwa kwa nyuma, basi mwanamke ndiye muongo na Yusuf ni mkweli. Basi. Hakuongeza neno. Akawaachia waitazame kanzu.

Ndugu zangu, tuitafakari vizuri aya hii. Aliyesema maneno hayo ni jamaa wa upande mmoja, na alianza na lile linalomfaa jamaa yake. Lakini alifungua milango miwili kwa upana ulio sawa. Kanzu ilipoonekana imechanwa nyuma, mume mwenyewe ndiye aliyetamka kwamba hizo ni hila. Hakuna mtu aliyemuazima macho. Kama kuna majumuisho ya kufundishwa katika vyuo vyetu vya sheria, Mzumbe na kwingineko, basi ni haya.

Upande wa pili ni wa yule anayesikiliza. Wanahistoria wa Sira wanasimulia kwamba katika safari ya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, Mtume (SAW) alipiga kambi mahali fulani. Sahaba Hubab bin al-Mundhir (RA) akamwendea, akamuuliza kama mahali hapo ameteremshiwa wahyi na Mwenyezi Mungu, wasisogee mbele wala nyuma, au ni rai na mbinu ya vita. Mtume (SAW) akamjibu kuwa ni rai. Hubab akasema basi hapa sipo, akashauri wasogee mpaka kisima kilicho karibu na adui. Na Mtume (SAW) akalikubali shauri lake.

Subhanallah! Mbele yake yuko Mjumbe wa Allah, si jaji wa Mahakama Kuu. Na bado adabu haikumzuia kuuliza swali la kwanza kabisa ambalo kila mshauri anatakiwa aulize: hili ni wahyi au ni rai? Kama ni wahyi, tumesikia na tumetii. Kama ni rai, na mimi nina yangu.

Mzee wa baraza yuko katika hali hiyo hiyo. Jaji anapomwambia maana ya kuua kwa kukusudia, hana ubishi. Hiyo ni sheria, na jaji ndiye mwenye elimu yake. Lakini jaji anapomwambia kuwa shahidi huyu ni mkweli, amevuka kisima, ameingia katika rai. Kuhusu kibatari, mkulima anaweza kuwa na elimu kuliko mtu aliyesoma mpaka ng’ambo kwa mwanga wa taa ya umeme. Hiyo ndiyo sababu ya kuitwa kwake! Kama angetakiwa kuitikia tu, wangeitafuta kasuku.

Msidhani kwamba huu ni udhaifu wetu sisi Waafrika wa vijijini. Mwaka 1952 huko Croydon, kusini mwa London, vijana wawili walikwenda kuvunja ghala. Mmoja alikuwa na miaka 16, akampiga risasi askari polisi akafa. Mwenzake, Derek Bentley, miaka 19 na akili zake nzito, wakati ule alikuwa ameshakamatwa na polisi. Aliyefyatua risasi hakuweza kunyongwa kwa sababu ya umri. Bentley akashtakiwa naye kwa mauaji, mbele ya Jaji Mkuu wa Uingereza mwenyewe, Lord Goddard. Katika majumuisho yake kwa juri, jaji huyo alielemea upande mmoja waziwazi: polisi aliwasifia, na ngumi ya chuma iliyokutwa kwa Bentley akawaonyesha kwa maneno ya kuchukiza. Juri ikamkuta na hatia huku ikiomba ahurumiwe. Hakuhurumiwa. Alinyongwa tarehe 28 Januari 1953. Mwaka 1998, miaka 45 baadaye, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaitengua hukumu na kusema kwamba majumuisho yale yalimnyima haki ya kusikilizwa kwa uadilifu. Wale walikuwa raia 12 wa mji mkuu wa dola, wenye mamlaka kamili ya kuamua, na neno la mwenye joho likawaelemea. Na huko Marekani majimbo mengi yanamkataza jaji kabisa kuisemea juri lolote kuhusu uzito wa ushahidi.

Kabla hatujawanyooshea majaji vidole, tujitazame na sisi. Mwenyekiti wa kamati ya msikiti anafungua kikao cha kumjadili mtunza hazina anayetuhumiwa. Anasema: “Mimi naona jambo hili liko wazi, lakini haya, changieni.” Nani atachangia? Watasoma dua na kuondoka, na mtu ameshavunjiwa heshima yake. Katika baraza za familia ndiyo usiseme: ami mkubwa akishakohoa, talaka imepita.

Turudi kwa mzee wangu ukutani. Nilijaribu kwanza kumtuliza. Nikamwambia kwamba kisheria jaji hakufungwa na maoni yao, kwa hiyo hata angesema vingine, huenda hukumu ingekuwa ile ile. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto.

“Hilo niliambiwa na wengi. Lakini mimi sikuulizwa hukumu. Niliulizwa ninaona nini.”

Nilinyamaza. Alikuwa na haki, tena alikuwa na haki kuliko alivyojua. Maoni ya kila mzee hutolewa kwa mdomo na kuandikwa katika kumbukumbu za kesi. Jaji anayetofautiana nao hutarajiwa aeleze sababu zake. Jalada likipanda Mahakama ya Rufani, majaji wa huko hawakuwaona mashahidi, wanasoma karatasi. Kama mzee mmoja angekuwa amesema, “mimi nina shaka na kile kibatari,” maneno hayo yangepanda pamoja na jalada. Badala yake walisoma wazee watatu, kauli moja.

Allah (SW) anatuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tusimamishe uadilifu na tuwe mashahidi kwa ajili Yake, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, wazazi na jamaa, awe mtu tajiri au masikini. Na katika Suratul-Baqara, aya ya 283, anakataza kuficha ushahidi na kueleza kwamba mwenye kuuficha moyo wake ni wenye dhambi. Mzee huyu hakuwa shahidi wa tukio, na wenye elimu zaidi yangu wanaweza kunisahihisha, lakini aliulizwa kwa amana na akajibu kisichokuwa moyoni mwake. Sikuweza kumwambia kwamba hana lolote. Nilimwambia kwamba mlango wa toba uko wazi, na kwamba toba katika haki ya mja inataka pia kurekebisha kile kinachorekebishika. Nikamkumbusha na hadithi ya Umm Salama (RA), waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambapo Mtume (SAW) alieleza kwamba yeye ni binadamu, watu humletea mashauri, na huenda mmoja akawa fasaha zaidi kwa hoja akahukumiwa yeye; basi aliyekatiwa haki ya nduguye ajue amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa Mtume (SAW) alijihadhari na ufasaha wa anayesema, mzee wa Mzumbe hakuwa wa kwanza kuelemewa.

“Kwa hiyo nirekebishe nini?” aliniuliza. “Yule kijana sijui kama yuko hai.”

Nikamuuliza kama kulikuwa na rufaa. Hajui. Akaingiza mkono katika mfuko wa kanzu, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mpaka kimekuwa laini kama kitambaa, kimeandikwa namba ya kesi na mwaka. Amekitunza muda wote huo.

Hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani siku hizi zinapatikana, na ofisi za masjala zipo. Wakili mmoja kijana ninayemfahamu mjini Morogoro amekubali kutusaidia kutafuta jalada bila malipo: kama rufaa ilikatwa ikaamuliwaje, na kama haikukatwa, bado kuna njia gani ya kuomba isikilizwe nje ya muda. Mzee amesema atakuja mwenyewe, hataki kuwakilishwa. Tumeagana Jumatatu asubuhi, inshaallah, na nauli yake ya kutoka Mzumbe ameshaiweka kando.